Tunabishania ghorofa, tumesahau bomba

Tangu Shirika la Nyumba la Taifa lizindue sera yake mpya ya ubia, yaani kujenga pamoja na wawekezaji binafsi, Novemba 2022, uzio wa mabati umekuwa kitu cha kawaida katikati ya Dar es Salaam. Nyuma ya mabati kuna nyumba ya zamani inayobomolewa. Juu ya mabati kuna picha ya jengo refu la vioo, miti ambayo mtaa huo haujawahi kuwa nayo, na watu wasiotoka jasho. Wenye viwanja binafsi nao hawakusubiri shirika wala ubia. Sinza, Kijitonyama, Mikocheni, Kinondoni: kiwanja kilichobeba nyumba moja ya chini na mwembe mmoja sasa kinapandishwa apatimenti za ghorofa nne, sita, hata kumi. Na kila zinapopanda, majirani wanahamaki. Mkutano wa mtaa unageuka makelele, barua zinapelekwa manispaa, kundi la WhatsApp linajaa picha za chemba iliyofurika. Majirani wanasema mtaa unajazwa kupita kiasi. Ofisa anayewajibu, siku akiwa mpole, anasema mji lazima ukue. Siku akiwa amechoka, anasema hawa wanapinga maendeleo.

Nadhani pande zote mbili zinabishania kitu kisicho chenyewe. Watu wa mipango miji wana neno lao, ujazo, yaani idadi ya watu au nyumba katika eneo fulani. Sisi wa mtaani tuna neno letu, msongamano, yaani watu kuzidi njia, maji, choo na darasa. Tumeyachanganya maneno haya mpaka tunayatumia kama mapacha, ilhali ujazo unaweza kuwa mkubwa pasiwe na msongamano, na msongamano unaweza kuwapo mahali pasipo na ghorofa hata moja. Hoja yangu ni kwamba Dar es Salaam inahitaji ujazo mkubwa zaidi kwenye mitaa iliyo karibu na kazi na usafiri, na kwamba majirani wanaolalamika wako sahihi karibu kwa kila jambo isipokuwa lile wanaloliweka mbele, urefu wa jengo. Kwa kuwa wanaanza na urefu, ofisa anawashinda kirahisi, na malalamiko yao mengine yote, yale mazito, yanatupwa pamoja na hilo moja jepesi.

Tufanye hesabu ya vidoleni. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati na uani nyuma, inakaa vizuri kwenye kiwanja cha mita za mraba 300. Ipangishwe kama zinavyopangishwa nyumba za Tandale au Manzese, familia kwa chumba, watu wanne kwa familia: jumla watu 24. Chukua hekta moja, yaani mita za mraba 10,000, toa nusu yake kwa ajili ya njia, mifereji na maeneo ya wazi (ni ukarimu mkubwa kwa anayeijua Tandale), zinabaki nyumba 16 na watu 384. Sasa nenda Masaki. Jengo la ghorofa kumi, apatimenti mbili kila ghorofa, watu wanne kila apatimenti, kiwanja cha mita za mraba 2,000: watu 80. Kwenye nusu hekta ile ile yanaingia majengo mawili na nusu, watu 200. Nyumba za chini zimeizidi Masaki ya ghorofa kumi kwa karibu mara mbili. Namba hizi nimezichagua mimi na msomaji ana ruhusa ya kuzisogeza, lakini itabidi azisogeze sana kabla mizani haijageuka. Nimekulia kwenye nyumba ya aina ya kwanza: choo kimoja, foleni alfajiri, ndoo mkononi. Hakuna aliyewahi kuitisha mkutano kuulalamikia ujazo wetu, kwa sababu ukiwa barabarani nyumba yetu ilionekana fupi.

Jicho letu lilifundishwa kuangalia hivyo, na aliyelifundisha anajulikana. Wakoloni waliugawa mji huu kwa kanda za ujenzi: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, Uswahilini Kariakoo na kuendelea, na uwazi wa Mnazi Mmoja ukaachwa makusudi kuwatenga wa huku na wa kule. Kwa maandishi zilikuwa kanuni za majengo. Kwa vitendo zilikuwa kanuni za rangi, kwa sababu aina ya nyumba iliyoruhusiwa mahali ndiyo iliyoamua nani angeweza kujenga hapo. Baada ya Uhuru majina yalifutika kwenye makaratasi, mipaka ikabaki na majina ya kitaalamu: ujazo mdogo, ujazo wa kati, ujazo mkubwa. Viwanja vipana vya Oysterbay vikaangukia la kwanza, Magomeni na Kariakoo la mwisho. Ndiyo maana hata leo ukimwambia mtu amepata kiwanja cha ujazo mkubwa, anasikia amepata kiwanja cha maskini. Simwiti mbaguzi mkazi wa Mikocheni anayekataa apatimenti jirani yake. Ana sababu zake, na nyingine nitazitetea hapa chini. Ila anaposema mtaa wake ulipangwa uwe na watu wachache, naye anadaiwa jibu: wale wengi walipangiwa wapi?

Kwa ujumla wake mji huu haujajaa hata kidogo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wenye kilomita za mraba 1,393. Huo ni wastani wa watu 39 kwa hekta, takriban sehemu moja ya kumi ya hesabu yangu ya nyumba za vyumba sita. Sensa ya 2012 ilikuwa imehesabu watu 4,364,541. Miaka kumi imeleta watu zaidi ya milioni moja, yaani kama laki moja kila mwaka, na wengi wao hawakupokelewa na ghorofa lolote. Walikwenda Chanika, Kivule, Chamazi, Mbopo, Goba. Wakanunua kipande kwa mwenye shamba, mjumbe akashuhudia, wakamwaga msingi. Mji ukatambaa kama uji uliomwagika mezani, mwembamba na mpana. Tunaposema tusijenge juu Sinza, hatuwazuii watu hao kuja. Tunawaelekeza Chanika.

Hapa ndipo huinuka hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayopigiwa makofi zaidi mikutanoni: nchi yetu kubwa, ardhi tele, kwa nini tubanane? Ardhi tele ni kweli. Lakini ardhi iliyo tele iko mbali na kibarua, mbali na hospitali ya rufaa, mbali na soko ambalo mama lishe anatakiwa awepo saa kumi na moja alfajiri. Anayeishi huko analipa nauli mbili kwenda na mbili kurudi, na saa tatu au nne za maisha yake kila siku, kisha tunamwambia amepata nafasi ya kupumua. Huduma nazo zinamfuata kwa gharama. Bomba lililolazwa mita 300 mbele ya majengo ya apatimenti linawahudumia watu ambao, wakitawanywa kwenye viwanja vya pembeni ya mji, watahitaji kilomita za bomba, nguzo na lami, na bili ya kilomita hizo haiendi kwao peke yao. Tulishajaribu kuitumia ardhi tele kama dawa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 waathirika wa bonde la Msimbazi walipelekwa Mabwepande, kwenye viwanja halali, salama na vikavu. Baadhi yao walirudi mjini. Hawakuwa wakaidi, riziki yao ilikuwa haijahama nao. Na wakati huo huo tumejenga barabara za mabasi ya mwendokasi, zilizoanza kutumika Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni. Basi linalobeba watu 150 kwa safari halina maana likipita katikati ya nyumba za chini zenye bustani. Kama kuna mahali mji huu umejiandalia watu wengi, ni kandokando ya Barabara ya Morogoro.

Hoja ya pili dhaifu, nitaipita haraka: eti Mswahili hakuzoea ghorofa. Neno lenyewe ghorofa liko kwenye lugha yetu tangu kabla hajaja Mjerumani. Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zimejaa nyumba za mawe zenye daraja mbili na tatu, ambamo chini palikuwa biashara, juu familia, na barza nje. Michenzani watu wanaishi kwenye maghorofa yaliyoanzishwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na wajukuu wa waliohamia wanalea watoto wao humo. Mswahili amezoea ghorofa. Asichokizoea ni kupandisha ndoo ya maji ghorofa ya tano kwa ngazi, na hicho hakuna taifa lolote lililokizoea.

Tuje sasa kwenye mambo mazito, na zito kuliko yote ni lile tunaloona aibu kulitaja kikaoni. Nyumba ya vyumba sita yenye watu 24 wanaochota maji kwa ndoo inatoa majitaka kidogo. Tuseme lita 40 kwa mtu, haifiki lita 1,000 kwa siku, na shimo la uani linaweza kuzifyonza kama ardhi haina maji karibu. Jengo la apatimenti 40, watu watano kila moja, bafu la manyunyu, choo cha kuvuta, mashine ya kufulia: lita 80 kwa mtu ni makadirio ya huruma, na zinatoka lita 16,000 kila siku ya Mungu. Gari la kunyonya majitaka lenye tangi la lita 10,000 lingelazimika kuja zaidi ya mara moja kwa siku, mwaka mzima, Eid na Krismasi. Haliji hivyo, na kila mtu anajua haliji hivyo. Mtandao wa majitaka unafika kwenye sehemu ndogo tu ya kaya za jiji: katikati ya mji, ambako yanapelekwa baharini, na mitaa iliyounganishwa na mabwawa kama ya Vingunguti na Mabibo. Kwingine kote ni karo, yaani tangi la majitaka la chini ya ardhi, na shimo la kufyonza. Na mitaa inayopandishwa maghorofa kwa kasi, Mikocheni na jirani zake, ina maji ya chini ya ardhi yaliyo juu kiasi kwamba ukichimba msingi unakuta kisima. Shimo la kufyonza kwenye ardhi iliyokwisha kunywa halifyonzi. Linasubiri mvua, na mvua ikishuka mtu anafungua kifuniko usiku. Uswahilini tunaita kutapisha choo na tunawatukana wanaofanya hivyo mabondeni; sijui tunaita nini inapofanywa na jengo lenye lifti.

Kwa hiyo jirani anayesema jengo hili litatujaza kinyesi hasemi kwa chuki. Anasema hesabu. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo haiamuliwi na urefu. Ghorofa kumi zilizounganishwa na bomba la majitaka hazimdhuru mtu, na ghorofa mbili zisizounganishwa zinaweza kuharibu visima vya mtaa mzima. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia Dar es Salaam, ukaenea nchini, na mitaa iliyoumia zaidi haikuwa ya maghorofa. Ilikuwa ya nyumba za chini zenye watu wengi, maji ya kubahatisha na vyoo vya shimo. Anayeuogopa ujazo kwa ajili ya afya ya watoto wake angeuliza kwanza bomba la majitaka la mtaa wake liko wapi, lina kipenyo gani, na bado lina nafasi kiasi gani. Maswali haya yana majibu. Yana mhandisi anayeyajua na ofisi anayokaa. Kibali kikitolewa bila majibu hayo kuwekwa mezani, hapo jirani ana kesi. Akienda kulalamika kwamba jengo linamzibia upepo, ana malalamiko tu.

Hofu ya kuporomoka nayo si ya kubezwa na mtu yeyote aliyekuwepo mjini Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lilipoanguka Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36. Taarifa za wakati ule zilisema kibali kilikuwa cha ghorofa kumi. Halafu Novemba 16, 2024, Jumamosi asubuhi, jengo la Kariakoo likawaangukia wafanyabiashara na wateja, wakafa watu zaidi ya 20, huku wengine wakiwa wamefunikwa na vifusi kwa siku kadhaa wakipiga simu kutoka chini. Mara zote mbili mitaani kulisikika maneno yale yale, kwamba maghorofa yanaua. Lakini tazama kilichosemwa kuhusu kila moja. La kwanza liliongezwa ghorofa ambazo hazikuwa kwenye kibali, mchana kweupe, kwa miezi, katikati ya jiji. Kuhusu la pili, kilichozungumzwa ni uchimbaji wa kuongeza nafasi ya biashara chini ya jengo lililokuwa likitumika. Yote mawili ni hadithi za ukaguzi uliolala. Mji usioweza kukagua ghorofa 16 hauwezi pia kukagua ghorofa nne, na ile ya Kariakoo haikuwa ndefu. Kuweka ukomo wa urefu mahali ambapo hakuna mtu wa kwenda kuhesabu ghorofa ni kuandika sheria kwa ajili ya kabati.

Yapo malalamiko mengine ambayo wataalamu huyacheka chinichini, na mimi nadhani wanakosea kuyacheka. Moja ni stara. Uani wa nyumba ya Kiswahili ndiko mwanamke anakovua mtandio, anakosuka, anakofua na kuanika, na jengo likinyanyuka jirani, ghafla kuna balkoni ishirini zinazotazama uani. Hili halitatuliwi kwa kumwambia mama azoee. Linatatuliwa kwenye mchoro: madirisha ya upande huo yawekwe juu, balkoni zielekee barabarani, umbali kutoka mpakani uheshimiwe badala ya kuliwa na ukuta. Jingine ni msiba. Mtaa wetu unazika kwa turubai, viti vya kukodi, sufuria za pilau na watu mia mbili wanaokaa siku tatu. Turubai hilo litasimama wapi kwenye kiwanja kilichojengwa kutoka mpaka hadi mpaka, na eneo lililobaki ni la magari 12? Nimeona familia ikimpokea marehemu wao kwenye maegesho, waombolezaji wamebanana kati ya gari na gari, mlinzi akiomba gari namba fulani lisogezwe. Aliyechora jengo lile alijua kuna watu watakaoishi humo. Hakukumbuka kuwa watakufa. Ghorofa ya chini iliyoachwa wazi, yenye barza na kivuli, haigharimu kama lifti ya pili, na ingetosha kwa shughuli na kwa msiba. Waliojenga Mji Mkongwe walilijua hili bila digrii.

Nairobi inatupa onyo na hatuna haja ya kuvuka bahari kulitafuta. Pipeline, kule Embakasi, majengo ya vyumba kimoja kimoja yamesimama ghorofa saba, nane na zaidi, yamekaribiana mpaka vyumba vya katikati vinawashiwa taa saa sita mchana. Mtu akiniambia anaogopa Sinza kuwa Pipeline, sina cha kumbishia isipokuwa kumwonyesha kilichokosekana kule: nafasi kati ya jengo na jengo, jua, na mamlaka ya kuvidai vitu hivyo kwa mwenye jengo. Kileleshwa na Kilimani, kwenye jiji lile lile, maghorofa marefu zaidi yamesimama na ugomvi ni wa aina nyingine kabisa, wa wenye nyumba kubwa wanaotetea ukimya wao. Kote ni maghorofa, maisha yanayoishiwa ndani yake hayafanani hata kidogo.

Kuna kundi moja halipo kwenye mjadala huu, nalo ndilo lenye haki kubwa ya kulalamika. Wanaozungumza mkutanoni ni wenye nyumba. Mwenye nyumba ya Kariakoo akikubaliana na mwekezaji, anapewa sehemu ya jengo au fedha, anahamia Tabata au Mbagala, na maisha yanasonga. Waliokuwa wamepanga vyumba vyake sita wanapewa notisi, mara nyingi kwa mdomo, na kodi iliyobaki ikirudi ni bahati. Sera yetu ya kwanza ya kusafisha mitaa duni ilijikwaa hapa hapa. Shirika la Nyumba lilipoanzishwa mwaka 1962 lilipewa kazi ya kubomoa vibanda na kujenga nyumba bora pale pale, Magomeni na kwingineko, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpango ukaachwa kwa sababu ulimeza fedha nyingi bila kuongeza idadi ya nyumba mjini. Zilibomolewa na kujengwa karibu zile zile, watu wakazidi kuja. Magomeni Kota ya siku hizi ni mfano wa upande mwingine: kaya 644 ziliondolewa, nyumba zikabomolewa, eneo likakaa tupu kwa miaka, na Machi 2022 Rais Samia akazindua maghorofa yaliyojengwa na Wakala wa Majengo kwa ajili ya kaya zile zile. Walirudi. Lakini walirudi kwa kuwa walikuwa wameorodheshwa kwa majina, mwenye nyumba wao alikuwa Serikali, na Rais Magufuli aliwaahidi hadharani mwaka 2016. Mpangaji wa chumba Kariakoo hana orodha, hana ahadi, na mwenye nyumba wake yuko na mwekezaji. Watetezi wa ujazo, mimi nikiwemo, hupenda kusema nyumba zikiongezeka kodi zitashuka. Kwa mji mzima na kwa miaka mingi, sawa. Kwa huyu aliyepewa notisi mwezi huu, apatimenti mpya ya vyumba vitatu haishushi chochote. Inamtoa Kariakoo na kumpeleka kule kule Chanika tulikokwepa kumpeleka.

Tukikubali kwamba ugomvi halisi ni wa mabomba, ukaguzi, nafasi na wapangaji, swali linalofuata ni nani alipe. Kiwanja kilichoruhusiwa ghorofa mbili jana, leo kikaruhusiwa kumi, kimepanda thamani kwa kalamu ya ofisa. Mwenye kiwanja hakufanya kazi yoyote kuistahili thamani hiyo, umma umempa. Ni haki umma urudishiwe sehemu yake, si kwenye mfuko mkuu ambako itapotea, bali kwenye bomba la mtaa ule ule, kwa jina na kwa kiasi kinachoweza kuonekana. Najua neno tozo halijapata mpenzi tangu zile za miamala ya simu mwaka 2021, kwa hiyo liitwe jina lolote. Wawekezaji watasema itapandisha bei ya apatimenti. Kidogo, ndiyo. Lakini bei ya sasa imeshushwa na jirani anayelipia kwa kisima chake, na sioni kwa nini ruzuku ya jengo la kifahari itoke kwenye ndoo ya mama wa nyumba ya pili. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 inawapa wenye apatimenti njia ya kuwa na chombo chao cha pamoja cha kusimamia jengo. Chombo hicho ndicho kingebanwa kwa karo, lifti na zimamoto baada ya mwekezaji kuuza na kuondoka, na mwekezaji asipewe kibali cha kuuza kabla chombo hakijawa na watu na akaunti.

Mkutano wa mtaa nao ungebadilika. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wananchi wahusishwe, na kuhusishwa kwetu kumekuwa kusomewa. Anakuja ofisa wa ardhi na mwenyekiti wa mtaa, mwekezaji anatuma kijana mwenye kompyuta mpakato, zinaonyeshwa picha za vioo, watu wanasaini karatasi ya mahudhurio, na karatasi hiyo ya mahudhurio inageuka kuwa ridhaa. Mhandisi wa DAWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Dar es Salaam, hayupo. Mtu wa Jeshi la Zimamoto hayupo, ingawa yeye ndiye angesema kama gari lake linaweza kukata kona ya uchochoro ule. Wapangaji hawajaitwa kwa sababu eti si wakaazi wa kudumu, hata kama wana miaka 20. Katika hali hiyo mtu aliyebaki na jambo moja tu analoweza kulipima kwa macho yake, yaani urefu, atalipigania hilo. Kumlaumu kwa kuchagua hoja dhaifu wakati hoja nzito zote zimefungiwa kwenye faili ni kumwonea.

Jengo lililo nyuma ya nyumba ninayopanga limefika ghorofa ya saba. Bango lake lina namba ya kibali, jina la mkandarasi na picha ya bwawa la kuogelea juu ya paa. Sina neno na ghorofa saba. Wakiongeza tatu zilizo kwenye kibali, sawa. Ila nimeuzunguka uzio ule mara mbili kutafuta chemba inayotoka kwenda barabarani, na nilichokiona ni shimo moja kubwa la mviringo, limejengewa kwa tofali mpaka juu, mita nne kutoka kwenye kisima tunachochota sote. Fundi niliyemuuliza aliniambia bomba la majitaka litakuja baadaye.